Kufuli la gemu na mteja aliyelipa

Swali: Nilinunua gemu ya kompyuta kwa dola 60, nikalipa kwa kadi ya mtandaoni ya simu na kuipakua kwa mabando ya usiku. Ni gemu ya mchezaji mmoja, haina mashindano ya mtandaoni. Mwezi uliopita fundi wa Kariakoo alinibadilishia diski na kuweka Windows upya mara kadhaa. Nilipofika nyumbani gemu ikagoma kufunguka, ikidai kwamba idadi ya kompyuta zinazoruhusiwa kwa siku imekwisha. Wiki iliyofuata intaneti ilikatika mtaani kwetu, gemu ikagoma tena. Binamu yangu wa Mbagala anayo gemu hiyo hiyo, aliwekewa kwa fleshi kwa shilingi 5,000, na haijawahi kumsumbua. Ulinzi huu wa kuzuia nakala haramu unamlinda nani? Je, nikiweka kraki, yaani faili ya kuvunja ulinzi, kwenye gemu niliyoilipia mwenyewe, nitakuwa nimekosea? Na kuna gemu nyingine ambayo mdogo wangu ananiomba nimnunulie. Ninunue au niache? (Msomaji, Tabata)

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na jibu fupi. Ulinzi huo unamlinda mchapishaji wa gemu, na kwa kawaida unamlinda kwa wiki chache tu za mwanzo wa mauzo. Gharama zake unazibeba wewe, na utaendelea kuzibeba hata baada ya wiki hizo kupita na faida ya mchapishaji kuyeyuka. Binamu yako habebi chochote, kwa sababu nakala aliyowekewa ilikwisha kuvuliwa ulinzi kabla haijafika Mbagala. Sisemi hivyo kwa kudhani kwamba kampuni za gemu zinawachukia wateja wao. Tatizo liko kwenye umbile la ulinzi wenyewe: kufuli la namna hii halina mtu mwingine wa kumkagua isipokuwa yule aliyelipa.

Tazama kazi inavyogawanyika. Anayevunja kufuli hupambana nalo mara moja. Akishalifungua, nakala iliyo wazi husambaa kwa maelfu ya watu ambao hawatakutana na kufuli hilo kamwe, na wengi wao hawajui hata kwamba liliwahi kuwapo. Anayenunua hukutana nalo kila anapowasha gemu mpya, kila anapobadilisha kifaa, na kila seva ya kampuni inapopata hitilafu. Ni sawa na konda wa daladala anayewadai nauli upya kila kituo wale waliokaa kwenye viti, ilhali waliodandia mlangoni walishashuka zamani.

Jambo hili si geni. Mwaka 1984 gemu ya Jet Set Willy ya kompyuta ya ZX Spectrum iliuzwa pamoja na kadi yenye vyumba vya rangi. Kabla ya kuanza, mchezaji alitakiwa kuingiza rangi zilizoandikwa katika chumba fulani cha kadi hiyo, kwa matumaini ya kampuni kwamba mashine za kutoa nakala za rangi zilikuwa adimu. Mnunuzi asiyetofautisha rangi kwa macho yake aliachwa akibahatisha. Muda si mrefu ikaja Lenslok, kipande cha plastiki chenye lenzi ambacho uliweka mbele ya kioo cha televisheni ili kusoma herufi zilizovurugwa kwa makusudi. Televisheni ikiwa kubwa mno au ndogo mno, herufi hazikusomeka. Na baadhi ya maboksi ya gemu ya Elite yalitoka kiwandani yakiwa na lenzi isiyo yake, hivyo mtu aliyelipa kihalali akabaki na kaseti isiyofunguka. Mambo haya yanachekesha leo, lakini mgawanyo wa maumivu ulikuwa ule ule unaousimulia wewe.

Zama za diski ziliongeza uzito, maana ulinzi uliacha kuwa kadi ya karatasi ukawa programu inayojichimbia ndani kabisa ya mfumo endeshi wa kompyuta. Majina yaliyotamba ni SafeDisc, SecuROM na StarForce. Hiyo ya mwisho, iliyotengenezwa Urusi, ililalamikiwa na wachezaji kwa kiasi ambacho kampuni ya Ubisoft iliacha kuitumia mwaka 2006. SafeDisc nayo ilitegemea faili moja ya mfumo iitwayo secdrv.sys, na hatima ya faili hiyo inafundisha kuliko mifano mingine yote ya zama hizo. Mwaka 2015 Microsoft haikuiruhusu ifanye kazi katika Windows 10, na mwezi Septemba mwaka huo huo sasisho la usalama likaizima pia katika Windows Vista, 7 na 8, kwa kuwa wavamizi wangeweza kuitumia kujipatia mamlaka ya juu ndani ya kompyuta ya mtu. Kwa usalama ulikuwa uamuzi sahihi. Lakini watu waliokuwa na diski halisi kabatini, pamoja na boksi na kijitabu chake, walijikuta hawawezi tena kucheza gemu zao, na wengi hawakuwa na njia nyingine isipokuwa kununua upya gemu ile ile katika duka la mtandaoni au kutafuta faili za kraki walizokuwa wamezikwepa miaka yote. Aliyekuwa na nakala haramu hakuona tofauti.

Baada ya hapo zikaja leseni zenye idadi ya vifaa. Gemu ya Spore, iliyotoka Septemba 2008, iliruhusu mnunuzi aiidhinishe katika kompyuta tatu tu, na baada ya malalamiko mengi idadi ikapandishwa hadi tano. Nakala haramu zilikuwa mtandaoni siku kadhaa kabla ya siku rasmi ya mauzo, na tovuti ya TorrentFreak iliitaja kuwa gemu iliyopakuliwa kiharamia kuliko zote mwaka huo, kwa makadirio ya mara milioni 1.7. Mwaka huo huo ndipo ilipotokea kioja ambacho mimi huwa sichoki kukisimulia: baadhi ya wanunuzi wa Rainbow Six Vegas 2 waliouziwa mtandaoni walikuwa wakidaiwa diski wasiyokuwa nayo, na sasisho lililotolewa na Ubisoft kuwasaidia lilipochunguzwa likakutwa na alama za kundi la wavunjaji liitwalo RELOADED. Yaani mchapishaji aliwapa wateja wake kraki ya maharamia kama tiba ya kufuli lake mwenyewe.

Hatua iliyofuata ilikuwa kumtaka mchezaji awe na intaneti muda wote. Machi 2010, Assassin's Creed II na Silent Hunter 5 za kompyuta zilitoka zikiwa na sharti hilo hata kwa mtu anayecheza peke yake, na ndani ya siku chache seva za kampuni zikashambuliwa na kuzidiwa, wanunuzi wakafungiwa nje. Machi 2013 ikawa zamu ya SimCity: seva zililemewa kwa siku kadhaa, kampuni ikawatuliza wateja kwa kuwapa gemu nyingine bure, na mwaka mmoja baadaye ikaruhusu gemu ichezwe bila mtandao, jambo ambalo mwanzoni ilisemwa lingehitaji kazi kubwa mno ya uhandisi. Mwaka huo wa 2013 Microsoft pia ilitangaza kwamba konsoli ya Xbox One ingelazimika kuwasiliana na seva walau mara moja kila saa 24. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba mpango ulifutwa mwezi Juni, kabla konsoli yenyewe haijaingia sokoni. Mfano huo wa mwisho unaonyesha kwamba wateja wakilalamika mapema na kwa wingi husikilizwa.

Sasa tuje kwenye kisa chako. Hukutaja jina la gemu, nami sitabahatisha jina lake wala la ulinzi wake. Nitaeleza utaratibu wa mifumo ya sasa kwa ujumla. Unaojulikana zaidi ni Denuvo, uliotengenezwa Austria na ambao tangu 2018 uko chini ya kampuni ya Irdeto. Ulianza kuonekana katika FIFA 15 mwaka 2014. Mfumo wa aina hii hausimami peke yake, bali hulinda leseni ya duka la gemu la mtandaoni, kama vile Steam, isichezewe. Unapowasha gemu kwa mara ya kwanza, hukusanya alama za kompyuta yako, kama vile aina ya prosesa na taarifa za mfumo endeshi, huzituma kwenye seva, na seva hujibu kwa tiketi iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine hiyo pekee. Tiketi huhifadhiwa kwenye diski, na sehemu fulani za msimbo wa gemu, ambazo zimevurugwa kwa makusudi ili zisisomeke, haziwezi kukokotoa sawasawa bila hiyo. Alama muhimu ikibadilika, tiketi ya zamani inakuwa karatasi tupu, na ni lazima ipatikane nyingine kutoka kwenye seva. Katika Denuvo kikomo cha kawaida ni kompyuta tano tofauti ndani ya saa 24.

Fundi wako alipobadilisha diski, tiketi ya zamani ilitoka nayo. Alipoweka Windows upya na kuijaribu gemu, akaona kasoro, akaweka tena, huenda pia akaichomeka diski ile katika mashine nyingine ya dukani kuhakikisha ni nzima, kila jaribio liliweza kuhesabiwa na seva kuwa kompyuta mpya. Seva haijui kwamba kuna mtu mmoja na mashine moja juu ya meza moja Kariakoo. Inaona alama tofauti tu. Usidhani kosa la namna hii huwapata watu wa kwetu peke yao. Mwaka 2021 Intel ilipotoa prosesa za kizazi cha 12, zenye viini vikubwa vya nguvu na viini vidogo vya kuokoa umeme, ililazimika kuchapisha orodha ya gemu zisizofanya kazi, kwa sababu programu za ulinzi ndani ya gemu hizo zilivihesabu vile viini vidogo kuwa ni kompyuta nyingine. Mtu alinunua prosesa bora kuliko zote sokoni, na gemu yake halali ikamchukulia kuwa mwizi.

Kuhusu siku ile intaneti ilipokatika, uwezekano uko wa namna mbili. Ama tiketi ilikuwa imepotea tena baada ya Windows kujisasisha, hivyo gemu ilitaka nyingine na haikupata njia ya kuifuata; ama programu ya duka yenyewe haikuwa imewekwa katika hali ya nje ya mtandao kabla intaneti haijaondoka, nayo ikataka kwanza ithibitishe akaunti yako. Hiyo ya pili hutokea mara nyingi zaidi na ni rahisi kuizuia, kama nitakavyoeleza.

Kilichotokea Novemba 2021 kinastahili kukaa kichwani mwako, kwa sababu hakikuhusu hitilafu ya kompyuta ya mtu yeyote. Jina moja la tovuti lililotumiwa na Denuvo kutoa tiketi liliisha muda wake bila kulipiwa upya. Mwishoni mwa wiki hiyo watu wa nchi mbalimbali walikuta gemu zao, zikiwamo mpya kabisa, hazifunguki, kwa sababu ya ada ambayo mmiliki wa duka dogo la nguo mtandaoni huilipa bila kufikiri. Hitilafu ilirekebishwa baada ya saa kadhaa. Wenye nakala haramu waliendelea kucheza.

Wasomaji wengine huuliza pia kama ulinzi hupunguza kasi ya gemu. Mara nyingine ndiyo, lakini kiasi hutegemea mahali ambapo watengenezaji wameweka ukaguzi ndani ya msimbo. Ukiwekwa kwenye menyu hauonekani, ukiwekwa katikati ya pigano unakwamisha picha. Mwaka 2018 mkuu wa mradi wa Tekken 7, Katsuhiro Harada, alikiri kwamba kukwama kulikolalamikiwa katika toleo la kompyuta kulitokana na Denuvo. Mwaka 2021 Resident Evil Village ya kompyuta ilikuwa ikikatika katika mapigano fulani, nakala iliyovunjwa ilipotoka ikaonekana kwenda laini zaidi, na mchapishaji wake, Capcom, akatoa sasisho la kurekebisha mwezi Julai. Katika kisa hicho cha pili mchanganyiko wa ulinzi wa Capcom yenyewe na ule wa Denuvo ndio uliohusishwa, kwa hiyo si haki kuubebesha mmoja lawama yote. Hata hivyo, mtu aliyelipa alisubiri marekebisho hadi kraki ilipoonyesha kwamba gemu inaweza kwenda vizuri.

Nisipowatendea haki wachapishaji hapa, jibu langu litakuwa la upande mmoja. Uharamia unawapotezea fedha, na kuna ushahidi mzuri wa kiasi gani na lini. Utafiti wa William Volckmann, uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Entertainment Computing, ulichunguza gemu 86 za Steam zilizotumia Denuvo, ukalinganisha mapato ya zile zilizovunjwa mapema na zile zilizochelewa kuvunjwa. Gemu ikivunjwa katika wiki ya kwanza, mapato yake yote hupungua kwa wastani wa karibu asilimia 20. Ikivunjwa baada ya wiki 12, hasara inakaribia sifuri. Sababu yake haihitaji hesabu ngumu: wengi wa watakaolipa bei kamili hulipa katika wiki za mwanzo, wakati matangazo yana moto na kila kijana anataka kuicheza kabla ya wenzake. Hata watengenezaji wa zamani walilijua hilo. Waliounda Spyro: Year of the Dragon ya PlayStation mwaka 2000 hawakutafuta kufuli lisilovunjika, walitandaza ukaguzi ndani ya gemu nzima ili nakala iliyovunjwa nusunusu iharibike polepole mbele ya mchezaji, na wakapata miezi miwili na ushee kabla ya kraki kamili. Walijiona wameshinda, na kwa hesabu hiyo ya mapato walikuwa sahihi.

Hapo ndipo msimamo wangu unapotokea. Ikiwa faida ya kufuli inaishi wiki 12, na gharama yake kwa mnunuzi haina mwisho, basi kosa kubwa la wachapishaji liko katika kuliacha kufuli mlangoni baada ya sababu yake kwisha. Wapo wanaoliondoa. Doom ya mwaka 2016 iliondolewa Denuvo miezi kadhaa baada ya kutoka. Watengenezaji wa Rime waliahidi mwaka 2017 kuiondoa pindi gemu itakapovunjwa, ikavunjwa ndani ya siku tano, nao wakatimiza ahadi. CD Projekt ya Poland ilikwenda mbali zaidi: iliiondoa SecuROM katika The Witcher 2 mara tu baada ya kutoka mwaka 2011, ikaiuza The Witcher 3 ya mwaka 2015 bila kufuli lolote tangu siku ya kwanza katika duka la mtandaoni la GOG, lililokuwa lake wakati huo, na gemu hiyo imekuwa miongoni mwa zilizouzwa zaidi katika historia. Sisemi kwamba kila kampuni ingeweza kufanya hivyo. Kundi dogo la watengenezaji lisilo na jina halina ulinzi wa umaarufu. Mwaka 2013 watengenezaji wa Game Dev Tycoon, gemu ya kuendesha kampuni ya gemu, walisambaza wenyewe nakala haramu ambamo kampuni ya mchezaji hufilisika kwa sababu ya uharamia, na siku ya kwanza zaidi ya asilimia 90 ya waliocheza walikuwa na nakala hiyo. Baadhi yao waliingia mtandaoni kuuliza kama wanaweza kufanya utafiti wa kuzuia wizi ndani ya gemu. Unaweza kuwacheka, lakini watengenezaji wale walikuwa na njaa ya kweli.

Mkazi wa Dar es Salaam ana mzigo wa ziada ambao waliobuni mifumo hii hawaufikirii. Kufuli linalotaka kuwasiliana na seva limebuniwa kwa ajili ya mtu mwenye intaneti ya kudumu nyumbani, umeme usiokatika na kompyuta isiyopita kwa fundi. Kwetu watu wengi huunganisha kompyuta na simu, bando likiisha wameisha nalo. Kompyuta moja hutumiwa na ndugu watatu. Prosesa na kadi za grafiki hununuliwa zikiwa zimetumika na kubadilishwa mara kwa mara. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipokatika, intaneti ya Tanzania ilidorora kwa siku kadhaa. Gemu inayotaka tiketi mpya siku kama hiyo haina ujanja. Kuna pia kufuli la mipaka ya nchi. Mwezi huo huo wa Mei 2024, Helldivers 2 iliondolewa sokoni kwenye Steam katika nchi zaidi ya 170 ambazo hazina huduma rasmi ya akaunti za PlayStation Network, mtandao wa wachezaji wa Sony, Tanzania ikiwa miongoni mwao, kwa sababu Sony ilitaka kila mchezaji wa kompyuta aunganishe akaunti hiyo. Sony ililegeza sharti la akaunti baada ya siku chache za malalamiko, lakini kulegeza sharti hakukurudisha mara moja gemu katika maduka ya nchi zote zilizoondolewa. Mtanzania aliyekuwa tayari kulipa alikataliwa pesa yake, na mwuza fleshi wa Kariakoo hana ubaguzi wa nchi. Gabe Newell wa Valve, kampuni yenye Steam, amesema kwa miaka mingi kwamba uharamia mara nyingi ni tatizo la huduma kuliko la bei. Sikubaliani naye kwa asilimia mia, maana dola 60 kwa Tabata si sawa na dola 60 kwa Seattle, lakini kisa chako kinampa haki kubwa.

Kuhusu kraki, nitakujibu kwa sehemu mbili. Kisheria, programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mkataba ulioukubali ulipobonyeza kitufe cha kununua kwa kawaida unakataza kuchezea ulinzi, hata kama umelipa. Kimaadili sioni kwamba umemwibia mtu ukicheza kitu ulichokilipia, na sitakuhubiria. Kinachonifanya nikushauri usifanye hivyo ni usalama wa kompyuta yako. Faili ya kraki ni programu unayoiruhusu ifanye chochote, mara nyingi baada ya kuambiwa uzime kwanza programu ya kuzuia virusi. Juni 2021 kampuni ya Avast ilieleza kirusi ilichokiita Crackonosh, kilichosambazwa ndani ya gemu zilizovunjwa: kilizima masasisho ya Windows, kikafuta programu za ulinzi, kikaitumia kompyuta ya mtu kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero, na kilikuwa kimeingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 duniani. Hasara yake kwa mwathirika ni bili ya umeme, joto na uchakavu wa mashine. Unaposema gemu ya binamu yako haijawahi kumsumbua, unamaanisha kwamba inafunguka. Kama kompyuta yake imekuwa nzito au feni inapiga kelele wakati hafanyi lolote, mwambie aichunguze.

Yapo mambo ya kufanya badala yake. Baada ya kila badiliko kubwa la mashine, unganisha intaneti, washa gemu mara moja hadi uingie ndani ya mchezo wenyewe, kisha uiweke programu ya duka katika hali ya nje ya mtandao na uijaribu bila bando. Ikifunguka, kukatika kwa intaneti hakutakusumbua hadi Windows au prosesa ibadilike tena. Kabla ya kwenda kwa fundi, mwombe asiijaribu gemu dukani kwake. Ajaribu kitu kingine. Ukikutana tena na ujumbe wa kikomo, usiendelee kubonyeza ukitumaini, bali iache hadi saa 24 zipite, na zisipotosha iandikie huduma kwa wateja ukiambatisha picha ya ujumbe na namba ya malipo. Steam hurudisha fedha ikiwa hazijapita siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya saa mbili. Kwako muda huo umepita, ila kumbuka utaratibu huo siku nyingine, na katika saa hizo mbili za mwanzo jaribu makusudi kucheza ukiwa umezima intaneti.

Ufahamu vilevile kwamba ulichonunua ni leseni, na leseni inaweza kufa. The Crew ya Ubisoft, iliyotoka 2014 na iliyohitaji seva muda wote, ilizimwa Machi 2024, na walioinunua wakabaki na faili zisizo na kazi. Kuanzia 2025 sheria ya jimbo la California inazitaka tovuti za mauzo zimweleze mnunuzi waziwazi kwamba anapewa leseni, na Steam imeanza kuonyesha maelezo hayo kabla ya malipo. Barani Ulaya kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanza baada ya kisa cha The Crew, ilivuka saini milioni moja mwaka 2025, ikidai kwamba gemu ziachwe katika hali inayochezeka seva zinapozimwa. Hapa nyumbani malalamiko ya mlaji yana pa kupelekwa, yaani Tume ya Ushindani, ingawa kampuni isiyo na ofisi nchini ni vigumu kuifikisha mezani.

Kuhusu gemu ambayo mdogo wako anaitaka, usinunue wiki hii. Fungua ukurasa wake katika duka, shuka hadi upande wa kulia kwenye maelezo ya mfumo, na utazame kama kuna onyo la ulinzi wa mtu wa tatu na idadi ya kompyuta kwa siku. Kama lipo, iweke kwenye orodha ya matamanio na usubiri. Mara nyingi bei hushuka katika mauzo ya msimu, na baadhi ya wachapishaji huwa wamekwisha kuondoa kufuli kufikia hapo. Kama inapatikana GOG, inunue huko, pakua faili ya kuisakinisha kwa bando la usiku, uinakili kwenye diski ya nje na uiandike jina. Siku fundi atakapoweka Windows upya tena, utaisakinisha kutoka kwenye diski hiyo, bila seva wala bando.